Nimeandikiwa tiba ya mwanga, lakini nyumbani wanaogopa neno "mionzi"

Bibi Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 33, fundi cherehani, ninaishi Same pamoja na mume wangu, mtoto wetu mmoja na mama mkwe. Huu ni mwaka wa sita nasumbuliwa na ugonjwa wa ngozi ulioanzia kwenye viwiko, ukashuka magotini, ukapanda kichwani, na sasa umeenea mgongoni na kiunoni. Ni mabaka manene yenye rangi ya zambarau iliyokolea, na juu yake kuna magamba meupe yanayopukutika. Ninaposhona kitambaa cheusi hulazimika kukikung'uta kila ninapomaliza mshono, na wapo wateja waliokuja kuchukua vitambaa vyao kabla sijavikata, bila kunieleza sababu.

Katika zahanati ya kwanza niliambiwa ni fangasi, nikatibiwa fangasi kwa karibu miaka mitatu. Baadaye nikawa nanunua mafuta ya steroidi dukani; yananipa nafuu ya wiki mbili, nikiyaacha ugonjwa unarudi kwa kishindo. Mwezi uliopita daktari wa ngozi huko Moshi alikata kipande kidogo cha ngozi kikapimwa, akaniambia ninaugua soriasisi na kwamba haiambukizi. Kwa kuwa tunatafuta mtoto wa pili, alisema vidonge vinavyotumika sana havinifai, akaniandikia tiba ya mwanga mara tatu kwa wiki, kwa wiki kumi au zaidi.

Mume wangu aliposoma ile karatasi kwa sauti, "tiba ya mionzi ya urujuanimno", mama mkwe alishika kichwa. Dada yake aliugua saratani, akapewa tiba ya mionzi Dar es Salaam, na akafariki. Sasa anaamini kwamba nina saratani na ninafichwa, au kwamba hiyo mionzi ndiyo itakayonipa saratani na kunikausha kizazi. Mume wangu anasema kama ni mwanga tu, jua la Same linatosha na halina nauli. Kaka yangu aliyeko Sharjah amenitumia picha ya taa ya kushika mkononi, kwenye boksi lake kuna herufi UV na namba 254, na anasema ataituma ili nisihangaike na mabasi. Jirani naye ananiambia nitatoka huko nimekuwa mweusi tii. Nimsikilize nani?

Fundi, Same

*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa miaka sita ya kukung'uta vitambaa.

Nianze na mama mkwe wako, kwa sababu hofu yake ina mzizi unaoeleweka. Neno letu "mionzi" tumelibebesha mizigo mingi mno: picha za eksrei tunaziita mionzi, tiba ya saratani pale Ocean Road tunaiita mionzi, na mwanga wa taa za kutibu ngozi nao tunauita mionzi. Mtu aliyemuuguza dada yake hadi mwisho hawezi kusikia neno hilo likisomwa kwa sauti sebuleni akabaki ametulia. Lakini vitu hivi havifanani. Mionzi inayotumika kutibu saratani ina nguvu ya kupenya mwili hadi kufikia uvimbe ulio ndani kabisa. Mwanga ulioandikiwa wewe ni sehemu ya mwanga ule ule utokao kwenye jua, sehemu ambayo jicho haliioni, na karibu wote huishia kwenye tabaka za juu za ngozi. Hauna njia ya kufika kwenye mji wa mimba wala kwenye mayai yako.

Kazi yake ni hii. Katika ngozi yenye afya, seli mpya huchukua takriban mwezi mmoja kupanda kutoka chini hadi juu na kupukutika bila mtu kuziona. Katika soriasisi kinga ya mwili huchokoza ngozi bila sababu, na seli hizo hupanda kwa siku chache tu, zikarundikana kabla hazijakomaa. Marundo hayo ndiyo magamba unayoyaona. Mwanga wa kipimo sahihi hupunguza mbio hizo na kuziua zile seli za kinga zilizojikusanya chini ya mabaka. Si ugunduzi wa juzi. Daktari Niels Finsen wa Denmark alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga wa taa, na tangu miaka ya 1980 madaktari wa ngozi wametumia taa zinazotoa kipande chembamba sana cha mwanga wa UVB (moja ya aina tatu za urujuanimno; nyingine ni UVA na UVC), karibu na nanomita 311, kipimo cha urefu wa mawimbi ya mwanga, kwa sababu hapo ndipo ngozi yenye soriasisi hupona vizuri kabla haijaungua. Ikumbuke namba hiyo 311, tutairudia tutakapofika kwa kaka yako.

Kuhusu saratani nitakueleza kama nilivyokuwa nikiwaeleza wagonjwa wangu nilipokuwa muuguzi wa kliniki ya ngozi. Ipo aina ya zamani ya tiba ya mwanga, iitwayo PUVA, ambayo mgonjwa humeza au hupaka dawa ya kuifanya ngozi ishike mwanga kwa nguvu zaidi, kisha huangaziwa UVA. Aina hiyo, ikitumika mara nyingi sana kwa miaka, imethibitika kuongeza saratani ya ngozi, hasa kwa watu weupe. Kwa UVB ya nanomita 311 tafiti zilizowafuatilia wagonjwa hazijaonyesha ongezeko la wazi la namna hiyo. Hata hivyo kliniki makini huhesabu kila kikao na kukiandika kwenye kadi, maisha yako yote, na mimi nakutaka uwe na daftari lako mwenyewe lenye tarehe, dozi na namba ya kikao, kwa sababu kadi za hospitali hupotea.

Kuhusu mtoto, daktari wako amekuchagulia vizuri. Kidonge cha methotreksati huharibu mimba na humdhuru mtoto aliye tumboni, na kile cha asitretini humtaka mwanamke asishike mimba hata kwa miaka mitatu baada ya kuiacha. UVB haina katazo hilo, na huendelea kutumika hata mwanamke akiwa mjamzito. Jambo moja tu: mwanga huu unaweza kupunguza folati, vitamini ya kundi B, mwilini, nayo ndiyo inayohitajika mtoto anapoumbika uti wa mgongo katika wiki za mwanzo kabisa. Kwa hiyo anza vidonge vya foliki asidi sasa hivi, kabla ya mimba, na umwambie daktari wa ngozi mara tu utakapokosa siku zako.

Sasa jua. Mume wako hajakosea kabisa, na tafadhali umwambie hivyo kabla ya kumpinga. Wapo wagonjwa wa soriasisi wanaosafiri hadi Bahari ya Chumvi, iliyo zaidi ya mita 400 chini ya usawa wa bahari, kwa ajili ya kuota jua tu, na wengi hurudi wana nafuu. Lakini hata huko hupangiwa muda na madaktari, wakianza na dakika chache. Tatizo la jua la Same ni kwamba halina kipimo: saa moja asubuhi lina UVB kidogo sana, saa sita mchana lina ya kumuunguza mtu, na wingu moja likipita hesabu yote inabadilika. Tena ngozi yenye soriasisi ina tabia mbaya, kwamba mahali ilipojeruhiwa ndipo inapozaa baka jipya. Nimempokea kliniki kijana aliyelala kifudifudi juu ya bati la nyumba mchana kutwa ili apone mgongo. Alipofika kwetu, mabaka yalikuwa yamefuata mistari ya bati. Ukikaa nje asubuhi na mikono wazi huku unachagua mboga, sina neno. Kuligeuza jua kuwa dawa ya mgongo mzima ndiko ninakokukataza.

Namba 254 kwenye boksi la kaka yako imenishtua, na nakuomba umpigie simu leo. Taa ya nanomita 254 hutoa UVC, ambayo hutumika kuua vijidudu kwenye maji, hewa na vyombo. Haitibu soriasisi. Ikikupiga machoni hata kwa muda mfupi, usiku utahisi kama mtu amekumwagia mchanga, na ngozi nayo huungua. Kama bado hajainunua asiinunue. Kama amekwisha inunua, isikae nyumbani kwenye mtoto. Mshukuru sana hata hivyo, kwa sababu wazo la kutibiwa nyumbani lenyewe lina msingi. Marekani utafiti uliochapishwa mwaka 2024, uliohusisha watu 783 wenye soriasisi, ulilinganisha mwanga wa nyumbani na ule wa kliniki kwa wiki 12, na wa nyumbani haukuwa nyuma. Ila mashine zile zilikuwa za UVB ya wigo mwembamba, yaani ile ya nanomita 311, zilizoandikwa na daktari, pamoja na maelekezo ya dozi kwa kila kikao. Kaka yako akitaka kukusaidia kweli, pesa ya taa ile aigeuze kuwa nauli au kodi ya chumba.

Maana nauli ndiyo itakayokushinda, kuliko maneno ya jirani. Wagonjwa wengi niliowaona wakishindwa na tiba hii hawakushindwa na mwanga. Walianza vizuri, wakafika kikao cha sita, hawakuona mabadiliko, mfuko ukakauka, wakaacha kimyakimya. Mara nyingi nafuu ya kuonekana huanza baada ya vikao vinane au kumi, na ngozi husafika kati ya kikao cha 20 na 36. Mtu anayeacha kwenye cha sita amelipa gharama yote ya mwanzo na hakuvuna. Kwa hiyo kabla hujapanda basi la kwanza, mweleze daktari wazi kwamba unatoka Same na huna uwezo wa safari tatu kila wiki. Vikao viwili kwa wiki pia huponya, ila huchukua muda mrefu zaidi. Kama una ndugu au rafiki Moshi anayeweza kukuhifadhi kwa wiki kumi pamoja na cherehani yako, hilo ndilo ningelichagua mimi, kwa kuwa kukatakata tiba kuna adhabu yake: ukikosa wiki moja au mbili dozi hupunguzwa, na ukikosa wiki nne kwa kawaida huanza upya. Kama mna bima, ulizeni mapema kama kikao cha mwanga kinalipiwa, na muombe jibu kwa maandishi.

Siku ya kwanza itakuwa hivi. Utaulizwa dawa zote unazotumia, na hapa usifiche hata mitishamba, kwa sababu dawa kama doksisiklini, septrini na baadhi ya vidonge vya presha huifanya ngozi iungue kwa mwanga mdogo. Utaulizwa kama una lupasi, yaani kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, maana ugonjwa huo hauchanganyiki na mwanga. Ukiombwa kupima VVU usichukulie kama tusi: soriasisi inayoenea kwa kasi wakati mwingine huja pamoja na maambukizi hayo, na mwenye nayo hutibiwa kwa mwanga vilevile. Kisha utapelekwa kwenye kabati refu lililosimama, lenye mirija ya taa kuta zote. Utavua nguo, utavaa miwani myeusi isiyovuliwa hadi taa zizimike, na kwa kuwa uso wako hauna mabaka, utafunikwa. Feni italia, mwanga wa buluu utajaa, utahisi joto dogo, na pengine kabla hujahesabu hadi sitini taa zitazima. Wengi hutoka wakiuliza kama ni hivyo tu. Ni hivyo tu, kwa sababu dozi huanzia chini na hupandishwa kidogo kidogo kila kikao.

Dozi hupangwa kufuata rangi ya ngozi, na sisi weusi huanzishiwa kiwango cha juu kuliko watu weupe, kwa hiyo jedwali atakalolitoa kaka yako kwenye intaneti huenda lisiwe lako. Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi zaidi, na ambalo hata wahudumu hulisahau. Maelekezo mengi husema "ukiona wekundu, toa taarifa". Kwenye ngozi yako wekundu unaweza usionekane kabisa. Jioni na kesho yake pitisha mgongo wa kiganja juu ya ngozi iliyoangaziwa: ukisikia inachemka, inakaza, inauma unapoigusa au unapovaa sidiria, umeungua kidogo, na ni lazima useme kabla ya kikao kinachofuata ili dozi isipandishwe. Usivumilie ukidhani ndiyo dawa inavyofanya kazi.

Magamba manene huuzuia mwanga usifike chini. Usiku paka dawa ya kuyalainisha uliyopewa, lakini asubuhi ya kikao uioge yote itoke, hasa kama ina asidi ya salisiliki, kwa sababu hiyo hunyonya UVB. Kabla ya kuingia kwenye kabati, muuguzi anaweza kukupaka mafuta mepesi kidogo kwenye mabaka. Mafuta ya mgando yakipakwa tope huziba mwanga, kwa hiyo acha ya nyumbani hadi utakapotoka. Usijipake ndimu wala manukato siku hiyo, kwani ndimu ikikutana na jua huacha alama za kuungua. Na kichwani mwanga hautafika kwa sababu ya nywele. Endelea na dawa ya kupaka ya kichwa, au uliza shampuu ya lami. Ni vyema ulijue hili mapema, usije ukasema tiba imeshindwa kwa kuwa kichwa hakijapona.

Jirani yako ana ukweli kidogo. Ngozi hukolea rangi wakati wa tiba, na mabaka yanapopona huacha madoa meusi yanayoweza kukaa miezi kadhaa. Rangi hurudi taratibu baada ya vikao kuisha. Hatari yake ipo kwa mwanamke anayeona madoa hayo akakimbilia mkorogo. Mikorogo mingi ina steroidi kali, na soriasisi iliyozoeshwa steroidi kisha ikanyimwa ghafla hurudi kwa nguvu, kama ulivyokwisha kuona kwa yale mafuta ya dukani. Vivyo hivyo ukataze mtu yeyote kukuchoma sindano ya steroidi "ya kukausha".

Nisikudanganye kwamba utapona moja kwa moja. Soriasisi ni ugonjwa sugu; mwanga huusukuma mbali, mara nyingi kwa miezi kadhaa, kisha huenda ukarudi na ukahitaji duru nyingine. Lakini miezi ya kushona kitambaa cheusi bila kukikung'uta si kitu kidogo, hasa kwako unayekula kwa mikono hiyo. Kwa wateja wako, unaweza kuwaambia kwa kujiamini kwamba mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio lililoitambua soriasisi kuwa ugonjwa sugu usioambukiza. Mteja anaweza kuvaa gauni ulilolishona, akakumbatiana nawe na kula nawe sahani moja.

Una bahati moja ambayo wengi hawana, nayo ni kuwa karibu na Moshi, ambako tangu mwaka 1992 kuna kituo cha kanda cha kufundishia tiba ya ngozi, penye hospitali ya KCMC, kinachofundisha madaktari na matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika. Hapo hapo hutengenezwa Kilisun, mafuta ya kuwakinga watu wenye ualbino na jua, ambao mwanga huu huu ni hatari kubwa kwao. Kwa hiyo hata ikitokea siku moja ukapata mashine halali ya nyumbani, usimwazime mtu. Utakapofika kliniki yako uliza swali moja ambalo wagonjwa hawaulizi: taa hizi zilipimwa lini mara ya mwisho? Mirija huchoka kadiri inavyotumika, na sekunde sitini za mirija mizee hazilingani na sekunde sitini za mirija mipya. Muuguzi mzuri hatakasirika, atakuonyesha daftari.

Piga picha za viwiko, magoti na mgongo kabla ya kikao cha kwanza, kwenye mwanga ule ule wa dirishani, na urudie kila baada ya vikao kumi; mtu anayejiona kila siku haoni anavyobadilika. Na siku hiyo ya kwanza usiende na mume wako. Nenda na mama mkwe. Mwombe muuguzi amfungulie mlango wa kabati kabla taa hazijawashwa, aione ile mirija, aguse mlango, aishike miwani utakayoivaa, kisha akae kwenye benchi la nje ahesabu mwenyewe ni muda gani umekaa ndani hadi umetoka.